Fungua Mfereji Kwanza, Lipa Baadaye: Jinsi ya Kukagua Chumba cha Hoteli Kisumu Mjini

Mimi ni fundi wa mabomba, mkazi wa Nakuru, na kazi hunitoa nyumbani mara mbili tatu kwa mwezi. Nimelala Kericho, nimelala Kakamega, na Busia nimewahi kulala sebuleni kwa mtu, jirani na magunia ya saruji. Lakini usiku ulionifunza kukagua chumba kabla ya kutoa hela ulikuwa wa Kisumu, katika hoteli ya orofa nne ambayo sitaitaja jina, dakika tatu kwa miguu kutoka steji ya matatu. Hizo dakika tatu ndizo zilizoniponza.

Nilikuwa na kazi ya siku mbili mtaa wa Milimani, kung'oa mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu katika nyumba ya zamani na kuweka ya plastiki. Nikatafuta pa kulala kwenye simu. Picha zilipendeza: shuka nyeupe, taulo zimekunjwa zikawa bata, dirisha lenye mwanga. Chini yake maneno: katikati ya jiji, karibu na steji, benki, soko na ziwa. Shilingi 2,500 kwa usiku, kiamshakinywa ndani. Nikatuma 5,000 za usiku mbili kwa M-Pesa nikiwa bado Nakuru, chai yangu haijapoa. Kosa la kwanza hilo, na mengine yote yalizaliwa humo.

Nilishuka Kisumu saa kumi na mbili na nusu jioni. Sisi watu wa Nakuru tunakaa juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko kwenye mita 1,130 na kitu, na tofauti hiyo unaipata shingoni mara tu mlango wa matatu unapofunguliwa. Nilikuwa natamani kitu kimoja tu, maji.

Dada wa mapokezi alikuwa mchangamfu, siwezi kumnyima haki yake. "Karibu sana fundi, tulikuwa tunakungoja." Akaandika nambari ya kitambulisho changu daftarini, akanipa ufunguo wenye kibao cha mbao, 304. Chumba hakikuwa kile cha picha. Dirisha lilikuwapo, ila lilitazama ukuta, na chini ya ukuta kulikuwa na ua wa jirani uliopangwa kreti za bia hadi usawa wa kifua. Nikafungua mfereji wa sinki. Ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza. Bafuni kulinuka mtaro. Feni ilikuwa na spidi tatu kwenye swichi na moja kwenye mapanga. Neti ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Saa tatu usiku maji yakaja, yakidondoka kama machozi ya mtu anayelia kwa adabu. Saa nne ule ua wa kreti ukaamka, kumbe ni baa: muziki wa Kiluo wa ohangla, spika mbili kubwa, na jamaa wa maikrofoni anayesalimia wateja mmoja mmoja kwa jina. Muziki ulizimwa saa tisa na dakika kumi. Saa kumi na nusu makanga wa steji wakaanza, "Nakuru, Nairobi! Nakuru, Nairobi!" Nimelipa hela yangu nilale Kisumu, na usiku kucha watu wananiitia gari la kunirudisha kwetu.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayofanya siku hizi.

Pima umbali kutoka shughuli yako, si kutoka steji

Neno karibu linatuchanganya sisi Waswahili kwa sababu lina kazi mbili. Hoteli ikiandika "karibu na steji" unasikia kama umekaribishwa, kumbe umeelezwa tu kwamba uko jirani na honi.

Kisumu mjini pamebanana, na kuna sababu. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na mji ukaota hapo kati ya stesheni, gati na maduka. Mpaka leo ukisimama Oginga Odinga Street, benki, maduka, ofisi na magari viko umbali wa kutembea. Ndiyo raha yake. Lakini kila chenye kelele nacho kiko umbali huo huo. Ukienda upande wa Milimani, dakika chache tu, unakuta miti, nyua na mbwa wawili wa kubweka. Boda ya kutoka mjini hadi kwenye kazi yangu ilikuwa shilingi 100. Yaani nilikuwa nalipa bei ya kuwa karibu na steji niliyoitumia mara mbili, siku ya kuja na siku ya kuondoka, halafu kila asubuhi napanda boda kwenda kwenye kazi.

Fanya hesabu hiyo kabla ya yote. Umeenda kufanya nini, na kiko wapi? Kama una mgonjwa Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iko kwenye barabara ya Kakamega, kwa hivyo "katikati ya jiji" haikusaidii kitu. Kama umekuja kununua nguo za mitumba soko la Kibuye, utataka kuamkia upande huo. Kama unakwenda kula samaki Dunga na kurudi, popote patafaa.

Kuna nyakati ambapo ya mjini ndiyo sawa. Ukifika na basi la usiku saa kumi alfajiri, hutaki kuzunguka na begi gizani. Ukiwa na gari la saa kumi na mbili asubuhi, vilevile. Na Kisumu mvua yake hupenda jioni, inakuja na radi zake bila kupiga hodi, na tuktuk zote zinajificha kwa pamoja. Siku kama hizo lala mjini na uvumilie.

Angalia na siku yenyewe. Huku magharibi Ijumaa na Jumamosi ni siku za matanga. Watu wanatoka Nairobi na Mombasa kuja kuzika, wengine hawawezi kulala bomani, kwa hiyo lojing zinajaa na bei inapanda. Na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo klabu zinakesha. Mimi nilikuja Ijumaa. Kukiwa na mkutano mkubwa ndiyo usiseme. Mei 2022, wakati wa Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, mtu angeshukuru kupata hata kochi.

Kwenye simu

Piga simu, usiishie kwenye picha. Na ukipiga sema unataka chumba cha kulala, maana hoteli kwetu Kenya ni pamoja na kibanda cha chai na chapati. Niliwahi kuelekezwa "hoteli nzuri sana" Ahero nikakuta benchi mbili na sufuria ya maharagwe. Maharagwe yalikuwa mazuri, lakini.

Usiulize "kuna maji?" Hakuna hoteli duniani itakayojibu hapana. Uliza "tangi lenu lina lita ngapi, na maji ya mjini yakikatika mnakaa siku ngapi?" Mtu anayeyajua maji yake atakupa nambari. Anayesema "usijali, maji yako" hajui, na ndiye wa kuogopa. Vilevile usiulize "kuna kelele?" Uliza "hiyo baa iliyo karibu inazima muziki saa ngapi?" Uliza hata kama hujui kuna baa. Mimi husema hivyo tu, nikisubiri. Mara nyingi napata jibu la saa kamili.

Omba video badala ya picha, na video ianzie kwenye mlango wenye nambari ya chumba, iingie ndani, ifungue mfereji, imalizikie dirishani. Ni dakika moja. Wakikataa umeshajua. Na usitume hela ya zaidi ya usiku mmoja. Ukipapenda utaongeza, usipopapenda, aliyeshika pesa ya usiku wa pili ndiye mwenye maneno, wewe una ufunguo tu.

Dakika tano ndani ya chumba

Hapa ndipo penye kazi. Acha begi mapokezi, panda na mikono mitupu. Mtu aliyeshaweka begi kitandani huwa ameshakubali, hata mhudumu analijua hilo.

Anza na choo. Vuta maji, kisha usikilize. Tangi la choo la kawaida ni lita 9 hivi au chini. Likijaa kwa dakika mbili tatu, maji yapo na yana nguvu. Ukimaliza kukagua chumba kizima na bado linalia ssss, jua utaoga kwa kikombe. Wakati linajaa fungua mfereji wa sinki uone: ukikohoa na kutema hewa, bomba lilikuwa tupu, maana yake maji yalikatika muda si mrefu na yatakatika tena. Yakitoka ya rangi ya chai kwa sekunde chache halafu yakawa safi, hiyo ni kutu ya bomba la zamani, haiui mtu, ila usiyanywe.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalijui: orofa. Presha ya maji ya jengo lisilo na pampu hutokana na urefu tu, tangi liko juu kiasi gani kuliko mfereji wako. Kila mita 10 za urefu zinakupa presha ya baa 1 (baa ya kipimo cha presha, si ile ya ohangla). Chumba cha orofa ya juu kabisa, tangi likiwa mita mbili juu ya shawa yake, kinapata baa 0.2. Hiyo ni nguvu ya mtu kumwagia maji kwa birika. Chumba cha chini katika jengo hilo hilo kinapata mara tano sita zaidi. Kwa hiyo wale wanaopanda juu wakitafuta utulivu na upepo wanaacha maji chini. Kama hoteli ina pampu ya presha utaisikia ikinguruma kila mtu anapofungua maji. Ukiisikia, chukua chumba cha juu kwa amani. Kama huisikii, omba orofa ya kwanza au ya pili.

Na shawa ya stima je, ile yenye kichwa kikubwa cheupe? Ndani yake kuna swichi inayosukumwa na maji yenyewe. Maji yakiwa dhaifu, swichi haisukumwi, shawa haiwaki, unaoga baridi huku ukilaani Kenya Power bila kosa. Presha ikiwa ya katikati, inawaka lakini haina nguvu ya kutosha kupasha maji mengi. Hapa watu wanakosea kila siku: wanaona maji ni vuguvugu, wanafungua mfereji zaidi, yanakuwa baridi zaidi. Funga kidogo. Maji machache yanakaa na moto kwa muda mrefu zaidi, yanatoka moto. Ukitaka yapoe, fungua. Hilo nimemweleza mama mmoja mwenye gesti Kericho, akanishukuru kama nimemjengea nyumba.

Lakini kuna shawa ya kuikimbia. Swichi yake kubwa, ambayo mara nyingi huwa na taa nyekundu, inapaswa kuwa mahali usipoweza kuigusa ukiwa umelowa, kwa kawaida nje ya mlango wa bafu. Ikiwa ndani karibu na maji, au waya zimeungwa kwa tepu nyeusi juu ya kichwa chako, oga maji baridi. Ukiwa unaoga na ukagusa mfereji wa chuma ukasikia ganzi au kitu kama sindano zinakukimbia mkononi, hiyo si "kashoti kadogo". Ni stima inayotafuta njia ya kwenda ardhini, na kwa sasa njia ni wewe. Toka, jifute, zima swichi kwa mkono mkavu, shuka mapokezi uhame chumba. Usibembelezwe. Mimi hubeba testa ya stima mfukoni, lakini mimi ni fundi. Wewe amini ngozi yako.

Harufu ya mtaro nayo ina siri. Chini ya kile kichungio cha sakafuni kuna trapu, bomba lililopinda ambalo hukaa na maji kidogo ndani. Maji hayo ndiyo mlango: yanazuia hewa ya mtaro isipande. Chumba kikikaa muda mrefu bila mgeni, na joto hili la Kisumu, maji yanakauka na mlango unafunguka. Mwaga vikombe viwili vya maji pale sakafuni na kimoja kwenye sinki, fungua dirisha, rudi baada ya dakika kumi. Harufu ikiisha, tatizo lilikuwa hilo tu na umelitatua bila ugomvi. Isipoisha, kuna bomba lililounganishwa vibaya au trapu haikuwekwa kabisa, na hakuna dawa ya kupuliza itakayolitibu. Omba chumba kingine. Katika 304 nilimwaga lita tano. Harufu ikabaki inanitazama.

Nimekaa sana bafuni, najua. Mengine ni ya haraka. Washa feni spidi zote uone kama zinatofautiana. Tandaza neti mpaka chini uitazame dhidi ya mwanga. Nakuru unaweza kulala bila neti miaka na usiwaze, lakini kanda ya ziwa malaria ni ya mwaka mzima, na mbu mmoja anatosha. Tundu dogo unaweza kulifunga. Mimi nilikusanya kitambaa cha neti pale penye tundu, nikakizungushia tepu nyeupe ya kufungia mabomba, ikashika hadi asubuhi. Usichanganye mbu na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojaa kwenye taa jioni. Wale hawaumi, funga dirisha na uzime taa ya nje. Funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani. Inua kona ya godoro uangalie mishono. Dari ikiwa na duara la rangi ya kahawia, usiweke kitanda chini yake, na usikubali kuambiwa ni la zamani mpaka uliguse.

Kisha dirisha. Usitazame mandhari, tazama chini. Klabu mchana hulala kama popo, hutaitambua kwa kelele. Itambue kwa kreti, kwa spika zilizofunikwa turubai, kwa ukuta uliopakwa rangi za tangazo la bia, kwa jenereta. "Upande wa nyuma, kumetulia" ni maneno yaliyoniuza. Nyuma ndiko kulikokuwa na ule ua.

Msalimie askari

Kabla ya kulipa toka nje kidogo, kana kwamba unanunua maji, umsalimie mlinzi wa getini. Kama ni mtu mzima mwite jaduong', yaani mzee kwa Kiluo, hapa Kisumu ndiyo heshima yake, na usalimie kweli, si kupita na kidole juu. Yeye hukesha. Dada wa mapokezi huenda nyumbani saa mbili usiku, hajui jengo lake usiku linafananaje.

Wa hoteli ile nilimsalimia nikiwa nimechelewa, saa tisa na nusu usiku, nimeshuka kutafuta hewa. Akanicheka kwa upole. "Umepewa tatu juu nyuma? Wageni wa Ijumaa wanawekwa huko kwa sababu hawajui. Wenyeji wanaomba 108." Akanieleza kwamba 108 iko chini, upande wa ngazi, haina dirisha la barabarani, na maji yake yana nguvu. Nikalala na jibu hilo masaa mawili.

Ukishalipa na usiku umeharibika

Nilikosea tena asubuhi. Nilishuka saa kumi na mbili nikiwa nimevimba macho, nikamfokea kijana wa zamu ambaye kazi yake ni kupokea funguo. Alinisikiliza, akasema "pole sana bosi" mara nne, na hakuwa na uwezo wa kunirudishia hata shilingi kumi. Nilijitia aibu bure.

Lalamika usiku ule ule, si asubuhi. Ukilala mpaka asubuhi wanasema ulilala. Ungesema saa moja jioni, chumba kingine kilikuwepo. Piga picha za mfereji, neti, dirisha, na rekodi muziki sekunde ishirini. Simu itaandika saa yenyewe. Watumie kwa ile nambari uliyofanyia buking ili yawe kwenye maandishi, na ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Halafu tenganisha makosa. Joto la Kisumu si kosa la hoteli. Stima ikikatika mtaa mzima, si wao, ingawa wangeweza kuwa na jenereta. Mbu aliyepo nje si wao. Lakini picha ya chumba ambacho hawakukupa ni wao. Neti iliyotoboka ni wao. Maji ambayo hayapo kwa zaidi ya saa mbili za jioni, wakati tangazo linasema maji moto saa 24, ni wao. Ukipeleka malalamiko kumi na mawili watajibu lile dhaifu kuliko yote. Mimi nilitaka kuongeza habari za makanga, nikajizuia. Meneja angeniuliza kama yeye ndiye aliyeajiri makanga.

Na useme unataka nini, kwa shilingi. "Nimeudhika" haina bei. Saa tatu asubuhi meneja alipofika nilirudi mara moja kutoka kazini, nimeshapoa. Nikamwonyesha picha mbili, ya tangazo na ya 304. Nikamwambia: usiku wa kwanza nimelala, sidai kitu. Wa pili sitalala, naomba 2,500 zangu. Akasema utaratibu wao hauruhusu kurudisha. Nikamtajia kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nayo, na kwamba iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sikuongeza sauti. Akanitazama begani, penye mfuko wa spana, labda akijiuliza fundi gani huyu. Akasema 1,000. Nikasema 2,000. Tukakutana 1,500, ikaingia kwenye simu saa sita mchana nikiwa chini ya sinki ya watu Milimani.

Huenda wewe ungeshikilia zote. Mimi nilikuwa na kazi ya kumaliza, na hela iliyo mkononi huwa naiheshimu.

Usiku wa pili nililala kwenye gesti ndogo huko huko Milimani, 1,800 bila chakula. Haikuwa na lifti, taulo yao haikukunjwa bata, na mwenye nyumba alinipa ndoo ya akiba kabla sijaiomba. Vyura waliimba mpaka usingizi ukanishika.

Kuhusu kiamshakinywa sina mengi. Uliza kinaanza saa ngapi. Chao kilianza saa moja na nusu, na mimi fundi saa moja niko kazini, kwa hiyo nilikilipia bila kukionja. Unaweza kuomba wakufungie mayai na chapati usiku, au waondoe bei yake. Ukikosa vyote, chai ya maziwa na mandazi ya nje ni bora kuliko soseji iliyokaa kwenye sahani ya moto tangu alfajiri.

Mwezi uliopita nilirudi Kisumu. Basi lilitushusha saa kumi alfajiri, mvua inanyesha, na hoteli iliyo karibu ilikuwa ile ile. Nikaenda. Jaduong' wa getini alinikumbuka, akacheka kabla sijafungua kinywa. Nikaomba 108, nikapanda, samahani, nikashuka ngazi tatu kwenda kuikagua, nikavuta choo, nikamwaga vikombe viwili sakafuni, nikalipa usiku mmoja. Nililala hadi saa mbili.

Asubuhi meneja akaniita pembeni. Wageni wa orofa ya juu bado wanamsumbua habari ya maji, je, mimi ningeweza kufanya nini? Nikapanda darini, nikapima, nikamwandikia kotesheni ya pampu ya presha, vali mbili na kazi ya siku moja, nikamtumia kwa WhatsApp. Tiki mbili za samawati zimeshatokea. Jibu bado.